Si fotokopi, wala si Raphael: chapa za nakshi zilivyoitoa sanaa kanisani na kwenye majumba ya matajiri

Kila inapotangazwa kwamba chapa, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi, ya Dürer wa Ujerumani au ya Rembrandt wa Uholanzi imeuzwa mnadani kwa bei ya nyumba, wasomaji huuliza: bei ya nyumba kwa fotokopi? Upande wa pili wapo wanaokuta picha nyeusi-nyeupe kwenye fremu kuukuu, wakasoma jina “Raphael”, la yule mchoraji mkubwa wa Italia, kwenye pembe ya chini, usingizi ukaruka wakidhani wameukata. Wote wamekosea, na kosa lao ni moja. Wanadhani duniani kuna picha za aina mbili tu, orijino na feki.

Kuna aina ya tatu. Kwa zaidi ya miaka 300 ndiyo iliyokuwa njia ya watu wengi wa Ulaya, na wengi wa mbali na Ulaya, kuzijua kazi za wachoraji wakubwa ambazo wasingeziona kwa macho yao maisha yote. Nayo ni chapa ya nakshi iliyochongwa kutokana na kazi ya mtu mwingine.

Tuwekane sawa kuhusu maneno. Mchoro, kwa maana ya makala haya, ni picha ya rangi: iko moja, mahali pamoja, juu ya altare au kwenye ukumbi wa tajiri. Bamba ni kipande bapa cha shaba nyekundu ambacho picha imechongwa juu yake kwa mistari. Chapa ni karatasi iliyotoka kwenye bamba hilo. Bamba moja huzaa chapa mamia, na hakuna iliyo nakala ya mwenzake. Zote ni ndugu wa tumbo moja. Sasa, ikiwa aliyebuni picha ndiye aliyeichonga, kama walivyofanya Dürer na Rembrandt, chapa ile ni kazi yake halisi, na ndiyo inayopigiwa mnada kwa bei zile. Ikiwa mchongaji ameichukua picha kutoka kwa mchoraji mwingine, hiyo ni chapa ya kunakili. Hii ya pili ndiyo habari yetu.

Muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa huchapa kwa sehemu zake zilizoinuka. Ndivyo zilivyochapwa picha za mbao. Bamba la shaba hufanya kinyume: kinachochapa ni mfereji. Mchongaji hushika burini, kijichuma chenye ncha kali na mpini wa mviringo unaokaa ndani ya kiganja, akakisukuma mbele kidogo kidogo. Bamba limelazwa juu ya kimto cha ngozi kilichojazwa mchanga, na anapotaka mstari uliopinda mkono wenye burini hutulia, mkono wa pili ukalizungusha bamba. Mbele ya ncha unyuzi wa shaba huchomoza na kujikunja. Kazi ya bamba moja kubwa inaweza kuchukua miaka. Mchapaji naye hulipaka wino lote, akaufuta usoni kwa kitambaa na kwa kiganja hadi ubaki ndani ya mifereji tu, akatandaza karatasi iliyoloweshwa na kuvipitisha vyote katikati ya rola mbili zinazobana kwa nguvu. Karatasi huingia mifereji na kutoka na wino. Ndiyo maana chapa njema ya shaba, ukiigusa kwa ncha ya kidole, mistari yake imeinuka kidogo, na kuizunguka picha kuna alama ya kubonyea iliyoachwa na ukingo wa bamba. Fotokopi haina alama hiyo.

Ugumu wake ni huu: shaba haijui kijivu. Kuna wino au hakuna. Kivuli cha shavu, mng’ao wa hariri, wingu la mvua, vyote inabidi vipatikane kwa mistari inayonenepa na kukonda, inayokaribiana na kupishana. Mfaransa Claude Mellan alionyesha mwaka 1649 jambo hilo linaweza kufikishwa wapi. Alichonga uso mzima wa Kristo kwa mstari mmoja tu, unaoanzia ncha ya pua na kuzunguka kwenda nje, ukinenepa penye giza na kukonda penye mwanga. Ile ilikuwa kazi ya kujionyesha, lakini kanuni yake ndiyo iliyokuwa ikitumika kila siku kwa wachongaji wote.

Kwa hiyo mchongaji aliyewekewa mchoro wa rangi mbele yake hakuwa na namna ya kuunakili kwa maana ya mashine. Alipaswa kuamua: joho jekundu litakuwa na uzito gani wa kivuli, na la buluu lililo kando yake litatofautishwaje nalo? Alikuwa mfasiri. Mwalimu Nyerere alipomleta Shakespeare kwenye Kiswahili hakuna aliyemwambia ameghushi, wala hakuna anayedhani kila neno ni la Shakespeare. John Landseer, mchongaji wa London, alitumia hoja ya namna hiyo hiyo katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807: kuchonga si kuiga uchoraji, kama vile Kiingereza si kuiga Kigiriki. Alikuwa na sababu ya kusema kwa uchungu. Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London kilipoanzishwa mwaka 1768, wachongaji walinyimwa uanachama kamili kwa hoja kwamba wao ni waigaji tu, na hawakuupata hadi 1855.

Wachongaji wenyewe hawakuficha nani alifanya nini. Chini ya picha waliandika kwa Kilatini, mara nyingi kwa kifupi. Pinxit: huyu ndiye aliyechora kwa rangi. Invenit: huyu ndiye aliyebuni. Delineavit: huyu ndiye aliyechora kwa penseli mchoro wa kufuatwa. Sculpsit, au sc. tu: huyu ndiye aliyechonga. Excudit: huyu ndiye aliyechapisha. Yule aliyesoma “Raphael” kwenye fremu kuukuu angehamisha macho upande wa pili wa karatasi angekuta jina lingine lenye sc., na kisa kingeishia hapo bila mtu kukosa usingizi. Kuficha na kudanganya kulikuwepo, tutafika huko sasa hivi, lakini chapa ya kunakili kwa kawaida hujitambulisha yenyewe.

Kisa mashuhuri cha ugomvi wa mwanzo ni cha Marcantonio Raimondi, fundi wa Bologna. Karibu na mwaka 1506 alichonga kwa shaba picha za mbao za Dürer kuhusu maisha ya Bikira Maria, pamoja na ile alama mashuhuri ya A iliyobeba D miguuni. Kwa mujibu wa Giorgio Vasari, mwandishi wa habari za maisha ya wasanii wa Italia, aliyeandika miongo mingi baadaye, Dürer alikwenda Venice kulalamika serikalini, na alichopata ni nusu ya haki: Marcantonio asiitumie tena alama yake. Picha zenyewe hazikukatazwa. Hapo utaona wakubwa wa zama hizo walichokiona kuwa wizi. Kuchukua ubunifu wa mtu hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kujiita yeye.

Marcantonio alihamia Rome, na huko Raphael akafanya jambo la akili kuliko kulalamika: akamchukua afanye naye kazi. Hapa dhana ya “nakala” inapasuka kabisa, maana Raphael alianza kubuni picha kwa ajili ya kuchongwa tu. Hukumu ya Paris (huyu ni kijana wa hadithi za Kigiriki, si mji), chapa yao ya miaka ya 1510, haikuwahi kuwa mchoro wa rangi wa Raphael. Michoro aliyoitayarisha kwa karatasi imepotea, chapa ikabaki. Miaka 350 baadaye mchoraji Mfaransa Édouard Manet aliitazama pembe ya kulia ya chapa hiyo, walipokaa miungu wawili wa mito na mwanamke mmoja, akawanyanyua watatu hao walivyo, wanaume akawavika makoti ya Paris, na mwaka 1863 akawaudhi watu wa mji huo kwa ile picha ya chakula cha mchana kwenye majani. Aliyeudhika hakujua kwamba mkao ule ulikuwa umezunguka Ulaya kwa karne tatu na nusu.

Baada ya Rome biashara ilihamia kaskazini. Hieronymus Cock alifungua nyumba ya uchapishaji Antwerp mwaka 1548, na mji huo ukawa soko la picha la dunia. Rubens, aliyeishi humo, alikuwa mchoraji na mfanyabiashara kwa kipimo kile kile. Kati ya 1619 na 1620 alijipatia vibali vya upekee Ufaransa, Uholanzi na kwao, ili mtu mwingine asichonge kazi zake bila ruhusa. Alimweka Lucas Vorsterman achonge, akawa anasahihisha karatasi za majaribio kwa kalamu na brashi, mpaka wawili hao wakakosana vibaya. Sishangai. Mfasiri anayesimamiwa begani na mwandishi mwenyewe hana raha.

Turubai kubwa huhitaji watu wa kuibeba. Karatasi hukunjwa ndani ya kitabu au kufungashwa kwenye sanduku la mmisionari, na ndivyo zilivyofika mbali. Mwaka 1580 Wajesuiti walimkabidhi Akbar, mfalme wa Wamughali wa India, Biblia kubwa iliyochapwa Antwerp ikiwa na nakshi za shaba. Mafundi wa jumba lake wakazitazama kwa macho ya kazi. Abu’l Hasan, mtoto wa miaka kama 13, alichora mwaka 1600 Yohana Mtakatifu kutoka kwenye chapa ya Dürer; karatasi yake iko Oxford hadi leo. Cuzco, katika milima ya Peru, wachoraji walijaza makanisa kwa picha zilizotokana na chapa za Rubens, mtu ambaye hakuwahi kuvuka bahari ya Atlantiki.

Karibu zaidi na sisi ni Ethiopia. Injili ya Kiarabu iliyochapwa Rome mwaka 1590 na 1591 ilikuwa na picha za mbao zilizobuniwa na Antonio Tempesta. Kitabu kilifika nyanda za juu za Ethiopia, na katika karne ya 17 wachoraji wa miswada wakaanza kuzitumia picha zake kwenye Injili zao za Kigeezi. Hawakuzinakili kama walivyozikuta. Vivuli vya Kiitaliano walivitupa, mistari wakaikaza, rangi nyekundu, njano na buluu wakaziweka wao, na macho ya watakatifu yakawa yale makubwa ya Kihabeshi. Picha ya Bikira Maria ya kanisa la Santa Maria Maggiore, Rome, nayo ilisambazwa na Wajesuiti kwa nakala, chapa zikiwemo. Maria yule amempakata mtoto, mikono imepishana, kitambaa kikining’inia mkononi. Tazama picha za kale za Gondar, Ethiopia, utamkuta na kitambaa chake. Anayesema chapa ziliwafanya watu wa mbali kuwa waigaji wa Ulaya hajazitazama picha hizo zikiwa pamoja.

Je, sanaa ilifika kwa watu wote? Hapa sifa za chapa huzidishwa. Kweli, karatasi ilikuwa rahisi kuliko turubai, lakini “rahisi” ya tajiri na “rahisi” ya kibarua ni mbili. William Hogarth wa London aliuza mwaka 1732 seti ya chapa sita, zinazosimulia maisha ya msichana wa shamba anayeharibikiwa mjini, kwa gini moja, yaani shilingi 21, fedha iliyozidi ujira wa wiki wa kibarua wa mji huo. Zaidi ya seti 1,000 zilikwenda. Wanunuzi walikuwa mawakili, wafanyabiashara, waungwana. Kibarua aliziona bure kwenye madirisha ya maduka ya chapa, au alinunua za wizi, maana wezi walizichonga upya upesi na kuziuza kwa bei ya kutupa. Ukiniuliza mimi, wezi hao nao waliipanua sanaa, ingawa Hogarth asingependa kusikia hivyo. Alipigania sheria, na Bunge likaipitisha mwaka 1735: miaka 14 ya hakimiliki kwa anayebuni na kuchonga. Seti yake iliyofuata aliizuia kabatini hadi siku sheria ilipoanza kazi. Ile michoro sita ya rangi ya yule msichana iliteketea kwa moto mwaka 1755. Tunachokijua leo ni chapa.

Shaba ina kikomo kingine: huchakaa. Kila mpito kwenye rola huzila kingo za mifereji, na chapa za mwisho hutoka zimefifia. Ndiyo sababu chapa mbili za bamba moja hupishana bei mbali sana. Na zile namba za penseli, 5/50 na kadhalika, ambazo watu huzitafuta kwenye chapa za kale kama cheti cha uhalali, ni desturi iliyoenea kuanzia mwisho wa karne ya 19. Ukiikuta kwenye chapa inayodaiwa kuwa ya mwaka 1650, rudi nyuma hatua mbili.

Mlango ulifunguka hasa miaka ya 1820 na 1830, kwa njia mbili. Mabamba ya feleji, chuma kigumu kuliko shaba, yalianza kutumika badala ya shaba, yakatoa chapa maelfu bila kufifia. Na mafundi wakachonga mbao ngumu upande wa kichwa cha gogo, si ubavuni, ambapo mistari myembamba husimama imara na ubao hukaa pamoja na herufi kwenye mtambo mmoja. Jarida la Charles Knight lililoanza London mwaka 1832 liliuzwa kwa peni moja likiwa na sanamu za kale na michoro ya Raphael ndani yake, na mwenyewe alidai kuuza nakala 200,000 kwa wiki. Mwaka 1837 kikaundwa chama ambacho kila mwanachama alilipa gini moja kwa mwaka, akapewa chapa na tiketi ya bahati nasibu ya kushinda mchoro. Watu walijiunga kwa wingi, tiketi ilisaidia.

Kupanuka huku kulikuwa na gharama zake. Kilichoingia majumbani hakikuwa na rangi, mara nyingi kilikuwa kimegeuka kulia kushoto, maana bamba hugeuza, na kilipita kichwani mwa mtu mwingine kwanza. Karamu ya Mwisho, mchoro wa ukutani wa Leonardo da Vinci, ilianza kumomonyoka mchoraji akiwa bado hai, na mwaka 1652 watawa wa Milan walitoboa mlango ukutani, miguu ya Yesu ikaenda na tofali. Raphael Morghen alipotoa chapa yake mashuhuri mwaka 1800 alifuata mchoro uliotayarishwa na Teodoro Matteini, si ukuta peke yake, na yaliyofutika yakajazwa. Kwa Ulaya ya karne ya 19, Karamu ya Mwisho ilikuwa ya Morghen kuliko ya Leonardo.

Na mlango uliopitisha Raphael ulipitisha pia porojo za watawala. Miaka ya 1860 Thomas Jones Barker alichora Malkia Victoria akimkabidhi Biblia Mwafrika aliyepiga goti, na chapa ya picha hiyo ikasambaa sana. Hakuna ushahidi kwamba tukio lile lilitokea. Baadhi ya watafiti wanaona huenda mchoraji alimtia akilini Ali bin Nasir, liwali wa Mombasa aliyekwenda London mwaka 1838 na 1842 kama mjumbe wa Sayyid Said. Kama ni yeye, alikwenda kwa shughuli za serikali na chapa ikamrudisha kwa magoti.

Imebaki dhana moja: kwamba kamera ilipofika wachongaji walikufa siku ile ile. Sivyo. Kamera za mwanzo ziliona buluu kama mwanga na nyekundu kama giza, kwa hiyo mchoro wa rangi ulitoka umeharibika. Tena picha ya kamera haikuweza kuchapwa kwa wino pamoja na maandishi. Nahodha Mfaransa Charles Guillain alipita pwani yetu kati ya 1846 na 1848 akiwa na kamera, lakini albamu iliyochapishwa Paris ilibidi ichorwe upya na mafundi wa litografia, wachoraji wa juu ya mawe. Nyuso za watu wa Unguja tunazoziona humo zimepita mikononi mwa mtu ambaye huenda hakuwahi kutoka Ufaransa. Ni miaka ya 1880 tu, mbinu ya kuvunja picha kuwa nukta ndogo ndogo ilipokomaa, ndipo burini ilipoanza kukosa kazi.

Mwaka 1869, wachongaji wakiwa bado na soko, kijana wa miaka 16 aliajiriwa The Hague katika tawi la Goupil, kampuni ya Paris iliyotajirika kwa kuuza chapa za kunakili. Jina lake Vincent van Gogh. Alifukuzwa kazi mwaka 1876, lakini alizipenda chapa maisha yake yote, na alipolazwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, Ufaransa, mwaka 1889 alizibandika ukutani akaanza kuzichora kwa rangi: wakulima wa mchoraji Millet kutoka kwenye nakshi za mbao za mchongaji Lavieille, wafungwa wa Gustave Doré wakizunguka uani. Karatasi nyeusi-nyeupe hazikumwambia rangi, akazitunga mwenyewe. Litografia aliyokuwa nayo ya Pietà, picha ya Maria akiomboleza mwili wa Kristo, ya mchoraji Delacroix ilianguka kwenye mafuta na rangi ikaharibika. Alimwandikia mdogo wake Theo kumweleza, naye akaichora hivyo hivyo. Katika mchoro wake mwili wa Kristo umeelekea upande usio wa Delacroix, kwa sababu jiwe, kama shaba, hugeuza picha.